Namba za ukoo

Jumapili jioni, Nkuhungu.

Shangazi alipofariki kule Kibaigwa, siku mbili nzima tulishindwa kumpata baba mdogo. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya mama, na simu ya mama ilikuwa imeibiwa stendi wiki mbili nyuma. Alifika watu wameshatoka makaburini. Hakumfokea mtu. Alikaa mkekani, akaniuliza taratibu, "Hata wewe mwanangu huna namba yangu?" Sikuwa nayo.

Tangu siku ile natafuta mahali pa kutunzia namba za ukoo. Najua wengi tunaziacha kwenye akaunti ya Google na mambo yanakwenda. Lakini akaunti ile ni ya mtu mmoja: mwenye nenosiri akitangulia bila kumwachia mtu njia ya kuingia, kitabu kizima kinafungwa. Tena mle mna watu mia mbili na ushee ambao hawakuwahi kuniambia niwapeleke popote. Nilitaka wakae nyumbani, mahali ninapoweza kupaonyesha kwa kidole.

Nilianza na Nextcloud, programu unayoiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe ikutunzie mambo yako. Ni nzuri, na kumshirikisha mwenzako kitabu cha namba ni jambo la kubofya tu. Lakini inakuja na mafaili, kalenda, picha na masasisho yasiyoisha, na kwenye Raspberry Pi yangu ya zamani, kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani, ilijikokota. Mimi nilitafuta daftari, ile ni ofisi. Nikahamia Baïkal, programu nyepesi ya namba na kalenda tu, inayotunza kila kitu kwenye hifadhidata ya SQLite, faili moja lisilosomeka kwa macho bila programu yake. Nilikaa nayo wiki tatu bila tatizo lolote.

Kilichonihamisha ni swali lililonijia usiku: nikiondoka mimi, nani atazitoa namba humo? Nikahamia Radicale, programu nyingine ya aina hiyo, ambayo inamwekea kila mtu faili lake dogo la maandishi. Nilifungua la baba mdogo kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Juu BEGIN:VCARD, kisha FN na jina lake, TEL na namba inayoanza na +255, chini END:VCARD. Mdogo wangu wa kidato cha tatu alichungulia begani kwangu akaisoma namba bila kuelekezwa. Hapo moyo ukatulia. Muundo huo wa vCard simu zinauelewa, na CardDAV, utaratibu ambao simu hutumia kuzungumza na seva, yaani kompyuta inayotunza namba, ni kiwango cha wazi kilichochapishwa mwaka 2011. Siku nikiichoka Radicale, nabeba mafaili yangu nahama.

Nimefungua akaunti moja ya ukoo na kuiseti kwenye simu za ndugu. iPhone ya dada imeipokea bila kuongezewa kitu. Za Android tumeziwekea DAVx⁵, programu inayoziwezesha kutumia CardDAV. Dada yuko Singida, na laini ya intaneti ninayotumia hapa haimruhusu mtu wa nje kuifikia kompyuta yangu moja kwa moja, kwa hiyo nimemuunganisha kwa Tailscale, huduma inayofanya vifaa vilivyo mbali vionane kana kwamba viko kwenye mtandao mmoja. Umeme nao ulinitia hofu mwanzoni, mpaka nilipoona kwamba kila simu inabaki na nakala yake kamili. Kompyuta ikizimika, namba zipo. Mabadiliko tu ndiyo yanasubiri. Hatari ninayoiogopa kweli ni nyingine: mmoja akifuta jina, limefutika kwa wote. Ndiyo maana kila usiku nakala inakwenda kwenye flashi.

Kazi iliyonichosha ni majina. "Mama Neema Kibaigwa", "Mama Neema mpya", "Shangazi laini ya pili": wote watatu ni yule yule shangazi marehemu. Niliunganisha nikaacha moja. Kulifuta kabisa nilishindwa, na mama alipoliona akasema libaki.

Mama mwenyewe sasa ana kitochi, na kitochi hakijui CardDAV. Nimemchapishia orodha kwa herufi kubwa, ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Jana baba mdogo alipiga, kabadilisha laini. Nilirekebisha faili moja, dada akaipata Singida kabla hajalala. Asubuhi nimekuta mama amekata namba ya zamani kwa kalamu, mpya kaiandika pembeni, kubwa kuliko zote.