Usiku wa Mkunguni, Lamu

Nilishuka kisiwani kutoka boti ya Mokowe, gati ya upande wa bara, jua likizama, mwili ukiuma kwa safari ya basi kutoka Malindi. Mzigo ukachukuliwa kwa mkokoteni hadi gesti, nikaoga, usingizi ukanichukua. Adhana ya Isha ndiyo iliyoniamsha.

Nikaufuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, nyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda mwenye mzigo ni wewe utakayejibana ukutani. Nikatokea Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, chini ya miti mikubwa ya mikungu. Watu walikuwa wanatoka kuswali, kanzu bado zanukia udi, na mishkaki ilikwisha kuwekwa jikoni.

Nilisimama kwa muuza mofa. Mkate huu hubandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri ya udongo, na ukitoka juu umekauka, ndani bado laini. Alinitazama nilivyomeza mate, akauliza, "Una ndaa?" Watu wa Lamu njaa huiita ndaa, na njia ni ndia. Akaupasua mkate, akaubana nao mshikaki, akavuta kijiti, nyama ikabaki ndani ikitoa moshi. Akanyunyiza ukwaju. Nilikula miwili nikiwa wima, wa tatu nikaketi nao barazani.

Wapo wanaodhani pasipo baa hapana usiku. Waje wakae hapa saa moja tu. Kina mama wa mabuibui walikuja na watoto, wakanunua viazi karai vya kula nyumbani huku wakiulizana habari za wagonjwa na harusi. Vijana waligonga dumna. Na hawakuwa wakimchezea mgeni. Huu ni usiku wao wenyewe.

Muuza kahawa alinimiminia kahawa tungu, yaani chungu, yenye tangawizi kutoka kwenye dele, birika lake.

"Shikamoo," nilimwambia mzee aliyekuwa kando yangu.

"Marahaba, mwanangu."

Akanionyesha lango la ngome. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na hadi 1984 ilikuwa jela. Utotoni, alisema, walipita hapa mbio bila kugeuza shingo. Sasa ni makumbusho, na wajukuu wake walikuwa wamekaa kwenye ngazi zake wakila kashata.

Kufikia saa tano makaa yalikuwa yamemwagiwa maji. Nilirudi kwa tochi ya simu. Karibu na gesti punda alikuwa amelala katikati ya ndia, nikapita pembeni taratibu nisimwamshe.