Wasichana wa P2 na wake wa majira

Duka langu la dawa lipo Katoro, mkoani Geita, kwenye njia wanayopita wachimbaji wakitoka machimboni. Wakiuza dhahabu mwisho wa wiki mji unachangamka, na Jumatatu asubuhi wasichana wanaanza kuingia mmojammoja. Binti atasimama pembeni akijifanya anaangalia mafuta ya kupaka mpaka wateja waishe, kisha anasogea na kunong'ona: "Anti, nipe ile ya elfu tano."

Anataka P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Kwa binti anayeosha vyombo kwa mama ntilie, elfu tano ni ujira wa siku mbili, na wapo wanaoinunua mara mbili tatu kwa mwezi. Wengi wanaamini ukishameza umejikinga mwezi mzima, kwa hiyo kila mmoja namweleza, sauti chini: inazuia mimba ya tendo lililopita tu, ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ya kesho haiizuii.

Kinachoniuma ni kwamba kijiti cha kuzuia mimba, kinachokaa mkononi miaka mitatu, kinawekwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Nikiwaambia, wananijibu: "Pale nesi anamjua mama." Mwongozo wa Wizara ya Afya unamruhusu kijana kupata huduma, awe ameolewa au hajaolewa. Lakini benchi la uzazi wa mpango ndilo hilohilo la kliniki ya watoto, na binti akikaa pale bila mtoto mgongoni, mtaa mzima utajua kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo analipia kutoonekana, na anailipa elfu tano yake kila mara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba. Ukikaa kaunta yangu Jumatatu moja hutashangaa.

Wake za watu shida yao ni nyingine. Benchi hawaliogopi; kinachowashinda ni nauli, na mume. Mama anatoka kijijini kwa bodaboda, kwenda na kurudi elfu sita, genge lake limefungwa kutwa, akifika anaambiwa sindano zimeisha, apite wiki ijayo. Sindano ni ya kila miezi mitatu, kwa hiyo safari hiyo anatakiwa kuifanya mara nne kwa mwaka, na akichelewa sana anaweza kubeba mimba. Mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID, shirika lake la misaada, shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya karibu dola milioni 9.7 ilikwama maghalani Ubelgiji, na sehemu yake ilikuwa ya kuja Tanzania. Wakubwa walijadiliana kwenye habari. Mama wa genge yeye anahesabu tarehe zake.

Kuna mteja wangu mwenye watoto sita ambaye mumewe hataki kusikia habari hizi. Pakiti yake ya majira, vidonge vya kila siku vya kuzuia mimba, inakaa kwenye droo yangu. Kila jioni akienda sokoni kununua nyanya anapita, anameza kidonge kimoja na maji ya chupa yangu, anaondoka. Kisheria hahitaji ruhusa ya mtu. Nyumbani ni kwingine.

Wanaume nao waje. Juzi kijana mmoja alikuja na mkewe, wakakaa, akauliza yeye mwenyewe tofauti ya kijiti na kitanzi, na akauliza vizuri. Natamani wangekuwa kumi.

Mabinti wa hapa nimewatafutia njia. Nimezungumza na nesi mmoja kijana, mwenye kifua cha kutunza siri, naye amekubali kuwapokea Jumatano saa kumi jioni, kliniki ya watoto ikishafungwa. Mnaingilia mlango wa upande wa maabara, na hamtoi hata mia. Pita dukani nikuelekeze, na kama una rafiki anayeogopa kuja peke yake, njoo naye.