Pakiti inafika Dar, jibu halirudi Mbeya: siku moja kazini

Saa 12:15 asubuhi
Uyole, mwezi wa saba. Anayesema Tanzania ni nchi ya joto hajawahi kusubiri daladala hapa. Nina sweta, koti na kofia, na bado meno yanagongana. Konda anaita "Mwanjelwa! Kabwe!" huku mdomo unatoa moshi.

Saa 2:00
Sijakaa, dada wa kaunta ananiwahi: "Kaka, mashine mpya za juu zimegoma." Chini shwari. Juu, tulikofunga kompyuta sita wikiendi, skrini ya 3270, dirisha la kuingilia meinifremu (ile kompyuta kubwa ya kazi zetu), haifunguki. Meinifremu yenyewe iko Dar. Sisi huku tunaichungulia tu kwa mtandao.

Nikabadilisha swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta za juu na mtandao. Saa nzima imeliwa, hakuna kilichobadilika. Ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: kupiga pingi, ujumbe mdogo wa kuuliza kama mashine ipo. Seva nyingine ya Dar inajibu, meinifremu kimya. Nikafuata njia hatua kwa hatua: pakiti, yaani kifurushi cha data, inafika hadi ruta (kifaa kinachopitisha pakiti kati ya mitandao) ya mwisho mbele ya meinifremu, halafu nyota tupu, yaani hakuna jibu.

Saa 4:10
Nikaandika anwani za mtandao kwenye karatasi. Kompyuta za chini zinaanza na 10.20.5, za juu tumepewa 10.20.9. Meinifremu ni 10.20.8.10. Nane na tisa. Hapo nikashtuka. Nikampigia simu mzee anayesimamia meinifremu kule Dar.

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, kijana. Mnaendelea kuganda huko?"

Nikamwomba aangalie NETSTAT ROUTE, amri inayoonyesha rauti, yaani njia ambazo meinifremu inapitishia pakiti. Akanisomea: 10.20.8.0, maski (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao) 255.255.254.0. Basi, mwizi kaonekana. Maski hiyo inameza anwani 512, kuanzia 10.20.8.0 hadi 10.20.9.255, kwa hiyo meinifremu inaamini kompyuta zetu za ghorofani ziko kwenye waya wake mwenyewe. Pakiti yetu inaipata vizuri. Kwenye kujibu, badala ya kumkabidhi ruta, inauliza palepale kwa ARP, swali linalosikika kwenye waya ule tu: nani mwenye 10.20.9.21? Ni mtu wa Dar kusimama mlangoni kwake akamwita mtu wa Uyole. Haitikiwi, jibu linatupwa. Na mimi muda wote nilikuwa nakagua njia ya kwenda.

Saa 7:00 mchana
Mashine ile haiguswi kaunta zikiwa wazi, kwa hiyo tunasubiri kibali. Wali wa Kyela, maharage, kipande cha parachichi. Sina zaidi la kusema, ulikuwa mtamu.

Saa 11:20 jioni
Mzee ameandaa faili la OBEYFILE, la kubadilisha mipangilio ya mtandao bila kuizima. Nikamsihi aandike rauti zote, si ile iliyorekebishwa peke yake, maana BEGINROUTES mpya (orodha ya rauti ndani ya faili hilo) inafuta rauti zote za kudumu zilizokuwapo. Akacheka: "Hilo lilinitoa jasho wewe ukiwa shule ya msingi."

Maski ikawa 255.255.255.0. Pingi ya kwanza ikajibu. Nikamkumbusha aiweke na kwenye PROFILE, faili la mipangilio ya kudumu, la sivyo siku TCP/IP (programu ya mtandao ya meinifremu) ikiwashwa upya tutarudi tulikotoka. Alikuwa ameshaweka.

Juu, dada akafungua skrini, maandishi ya kijani yakajaa. "Ndaga fijo, kaka." Asante sana, kwa Kinyakyusa.

Saa 1:10 usiku
Daladala imejaa, vioo vimefungwa, angalau kuna joto. Swichi isiyo na kosa niliyoing'oa asubuhi nimeiacha mezani. Kesho bosi ataiona kabla yangu.