Kofia za Baba, Mkono wa Mama, na Lenzi Niliyoichagua

Marehemu baba aliacha kofia tano za viua, zote zimeshonwa na mama. Sisi watoto wanne tumegawana nne, ya tano imebaki kwa mama hapa Wete, Pemba, ndani ya kasha pamoja na kanzu ya Idd. Kaka yangu mkubwa alipokuja kutoka Muscat kwa ajili ya hitma, nilimuomba asiifungashe yake kwanza. Nilitaka nizipige picha zote tano zikiwa bado chini ya paa moja.

Asiyewahi kuishika kofia ya viua mkononi huiona nyeupe tu. Ni bafta, vipande viwili: duara la juu na mzunguko wa ubavuni. Mchoro hupigwa kwanza kwa penseli, kisha hutobolewa vitundu kufuata mchoro, na kila kitundu huzungushiwa uzi ukingoni mpaka kisiweze kufumuka. Kitundu kimoja, ndicho kiua, ni kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, na kofia moja ina mamia yake. Mama alikuwa akishona baada ya kazi zote za nyumba kwisha, kwa hiyo kofia moja ilimchukua miezi.

Ukutani kwetu ipo picha ya baba akiwa kijana, aliyopigwa studio kule Unguja. Zamani mtu akitaka picha ya heshima alivuka bahari, akavaa vizuri, akaenda kukaa mbele ya mpiga picha Mji Mkongwe, kwenye studio kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha yenyewe nzuri sana, mwanga laini, macho makali. Lakini kofia kichwani mwa baba ni doa jeupe. Mvaaji amehifadhiwa, mshonaji hayumo. Hilo limekuwa likinikaa rohoni kwa muda mrefu, na ndilo lililonipa kazi hii.

Sasa nije kwenye vifaa, maana najua wengi mnaosoma hapa ndicho mnachokitaka. Kamera yangu ni Canon EOS 200D, nimeinunua kwa binamu yangu ikiwa imeshatumika. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, ile ya APS-C, kwa hiyo kila lenzi inaona finyu mara 1.6 kuliko ingeona kwenye kamera ya fremu kamili. Nina lenzi tatu: 50mm f/1.8 STM, 24mm f/2.8 STM nyembamba kama biskuti, na zumu ya 18-55 iliyokuja na kamera. Namba ya mm ikiwa ndogo, lenzi inaona upana zaidi; namba ya f, ufunguzi wa lenzi, ikiwa ndogo, inaingiza mwanga zaidi. Vijana wanaonipitia dukani Chake huniuliza ipi kali zaidi. Mimi huwauliza wao wanataka kukaa umbali gani na wanayempiga.

Nieleze kwa hesabu ya nyumba yetu. Mama hushona akiwa amekaa mkekani karibu na mlango wa uani, mwanga unamjia kushoto. Nikitaka fremu imchukue yeye, mkeka na kikapu chake cha nyuzi, nahitaji upana wa kama mita 1.4. Kwa 50mm itanibidi nirudi nyuma zaidi ya mita tatu, na mgongo wangu utakuwa umeshagonga kabati la vyombo. Kwa 24mm nakaa mita moja na nusu kutoka kwake, juu ya mkeka uleule. Upana wa picha ni mmoja, picha ni mbili tofauti kabisa. Ukiwa mbali, vitu vya mbele na vya nyuma vinabanana, na mama anakuwa mtu anayetazamwa. Ukiwa karibu, mkono wenye sindano unakua kidogo mbele, chumba kinafunguka nyuma yake, na anayeitazama picha anajiona amekaa pale pale, kama anayesubiri kumwagiwa chai. Tofauti hiyo haitoki kwenye kioo cha lenzi, inatoka mahali ulipoketi. Lenzi kazi yake ni kukuruhusu ukae hapo.

Ndiyo sababu sina hamu ya zile zumu ndefu kwa picha za nyumbani. Kwa 200mm fremu ileile ingenitaka nisimame zaidi ya mita 12, yaani nimpige mama yangu nikiwa barabarani. Kwa ndege wa msitu wa Ngezi sawa. Kwa mzazi hapana.

Wapo watakaosema 50mm ina f/1.8, na kweli inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, jambo kubwa ndani ya nyumba zetu zenye madirisha madogo. Nakubali. Lakini tazameni upande wa pili: kwa 50mm kwenye f/1.8, ukiwa mita moja kutoka kwa mtu, kinachoonekana kikali ni kina cha sentimita kama mbili na nusu tu. Sindano ikiwa kali, kitambaa kimeshayeyuka. Kwa 24mm kwenye f/2.8, umbali uleule, unapata kama sentimita 18, na hapo sindano, vidole na kitambaa vyote vinakaa pamoja. Kazi ya mikono inataka kina hicho. Mimi huongeza ISO, wepesi wa kamera kwa mwanga, mpaka 1600, nikaiweka shata, muda wa mwanga kuingia, kwenye 1/160 ya sekunde ili uzi unapovutwa usiache ukungu, basi.

Jambo jingine kubwa ni kioo cha nyuma cha 200D kinachogeuka. Nakiinamisha, kamera naiweka pajani, macho yangu yanabaki kwa mama na mazungumzo yanaendelea. Sharti lake alishanipa mapema: "Mikono piga utakavyo, mwanangu, uso wangu usiutie mtandaoni." Kwa hiyo hamtauona hapa, wala msiuombe. Picha zenye uso wake ninazo, ni za nyumbani, na zitabaki nyumbani. Naona wapiga picha wengi wa siku hizi hawalioni hili kuwa sehemu ya kazi. Wanashuka bandarini, wanamkuta bibi anaanika karafuu kwenye jamvi, wanampiga kwa mbali bila hata salamu. Shikamoo haigharimu chochote, na mtu aliyekukubali hukaa tofauti mbele ya kamera.

Kofia zenyewe ndizo zilizonipa kazi ya kufikiri. 24mm inasogea mpaka sentimita 16 kutoka kwenye sensa, karibu sana kuliko wengi wanavyojua, lakini ukisogea hivyo kofia inavimba katikati kama inakutumbukia, na kivuli cha lenzi kinaiangukia. Duara lililoshonwa sawa halistahili kutolewa likiwa limepinda. 50mm inalichukua duara kama lilivyo, ila kwa umbali wake wa karibu kabisa, sentimita 35, fremu bado ina upana wa sentimita 10 na zaidi. Viua vinaonekana, nyuzi hazionekani.

Lenzi ya makro ingemaliza kila kitu. Ipo EF-S 60mm ya f/2.8 ya Canon, inayokipiga kitu kwa ukubwa wake halisi juu ya sensa. Bei yake kwangu kwa sasa ni ada za skuli za watoto. Nilichonunua ni pete za kurefusha: mirija mitupu, haina kioo ndani, inakaa kati ya lenzi na kamera na kuisogeza lenzi mbele. Pete ya milimita 12 nyuma ya 50mm imenishusha kutoka fremu ya sentimita 10 hadi sentimita 5. Unapoteza mwanga kiasi, na huwezi tena kupiga kitu cha mbali mpaka uitoe. Nunua zenye viunganishi vya umeme, la sivyo apecha, ile namba ya f, hutaweza kuibadilisha kutoka kwenye kamera.

Mpangilio ulikuwa huu. Meza ndogo kando ya dirisha, pazia limefungwa nusu ili mwanga uingie kwa ubavu na uteleze juu ya kitambaa. Kitu cheupe chenye mshono mweupe kikipigwa mwanga wa mbele, kama wa flashi ya kamera, kinakuwa bapa, karatasi tupu. Mwanga wa ubavu ndio unaoupa kila uzi kivuli chake. Chini ya kofia nilitandika buibui kuukuu la mama, weusi wake ukapenya kwenye vitundu na kila kiua kikasimama peke yake.

Hapo lakini kamera huchanganyikiwa. Kipima mwanga chake hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Fremu ikijaa kofia, inaipunguzia mwanga na kofia inatoka kama imefuliwa kwa maji ya tope, inabidi uongeze hatua moja hivi ya mwanga. Fremu ikijaa buibui, inafanya kinyume, na weupe unaungua, mshono wote umekwenda. Nikaiweka kwenye M, yaani mwanga naupanga mwenyewe, nikapima kwa kofia, nikaacha. f/8, ISO 100, tripodi, kipima saa cha sekunde mbili ili kidole changu kisitikise kitu. Kwa ukaribu ule hata f/8 inakupa kina cha milimita mbili tu, kwa hiyo kamera lazima itazamane na kitambaa sawasawa. Kupanda mpaka f/22 sikushauri, picha nzima inalegea.

Nilipomaliza nikazifungua kwenye kompyuta, nikamwita mama. Macho yake hayashoni tena viua, siku hizi anashona mito na mapazia. Nikaivuta picha ya kofia ile iliyobaki kwake mpaka kiua kimoja kikawa kikubwa kama sahani kwenye kioo. Akakaa kimya kidogo, kisha akaweka kidole: "Hapa si mimi. Hapa ni dada yangu."

Sikuona tofauti yoyote. Akanionesha. Uzi wa mama unazunguka ukingo ukilalia upande mmoja, mizunguko imebanana. Kwenye kipande kile, kama viua ishirini kwenye mzunguko wa ubavuni, nyuzi zinalalia upande wa pili. Mama mkubwa alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Alikuja kumsaidia mama mwezi niliozaliwa mimi, kofia ikiwa njiani na Idd imekaribia. Mama mkubwa tulimzika zamani, na hatukuwa na kumbukumbu yake yoyote ya mkono zaidi ya mkeka mmoja uliokwisha kuliwa na mchwa. Kumbe baba alikuwa akimvaa shemeji yake kichwani kila Ijumaa.

Kuanzia hapo tukazipitia zote tano, mama akieleza, mimi nikiandika. Ya kaka ina kiraka cha uzi mweupe zaidi pale ilipochanwa na msumari wa ghala la karafuu. Ya dada ina kosa la mchoro ambalo mama alilificha kwa kuongeza ua dogo. Kwa macho matupu hakuna anayeweza kuyaona hayo, hata yeye mwenyewe sasa.

Neno moja la matunzo kabla sijasahau, maana hali yetu ya hewa ni adui wa vioo. Unyevu wa masika huotesha kuvu ndani ya lenzi, utando kama wa buibui, na ukiingia ni vigumu kuutoa. Zangu zinakaa kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Mchele msiutumie, una vumbi. Na lenzi inapenda kutumika, iliyofungiwa kabatini ndiyo huota haraka.

Faili za 200D zina pikseli 6000 kwa 4000, zinatosha kuchapishwa kwa upana wa sentimita 50 bila kulegea. Nimechagua picha moja kwa kila kofia, na ya tano nimechagua kile kipande cha ubavu chenye mikono miwili, wa mama na wa dada yake, pale nyuzi zinapobadili upande. Nakala yake moja inakwenda kwa watoto wa mama mkubwa kule Konde, nyuma nimeandika jina lake kwa wino. Mama ameshaniambia jirani yetu naye ana kofia ya mumewe anayotaka ipigwe, na pete bado sijaitoa kwenye 50mm.