Ramani ya mashimo ya Florida na mipaka yake

Idara ya Jiolojia ya jimbo la Florida, nchini Marekani, ina orodha ya wazi ya mahali ambapo wananchi wametoa taarifa kwamba ardhi imedidimia, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye ramani. Wengi huisoma kana kwamba kila alama ni shimo lililothibitishwa kuwa limetokana na mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilhali idara yenyewe inatahadharisha kuwa matukio mengi hayakukaguliwa na mtaalamu pale yalipotokea.

Tahadhari hiyo ina uzito. Sehemu kubwa ya Florida imekaa juu ya mwamba wa chokaa, ambao maji yenye asidi kidogo huuyeyusha polepole mpaka udongo wa juu ukose cha kuushikilia. Hata hivyo, shimo uani laweza pia kuletwa na bomba lililopasuka, takataka na visiki vilivyofukiwa wakati wa ujenzi vikaoza, au udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea. Anayetoa taarifa huona shimo tu.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni ya upande wa pili, yaani yale yasiyoandikwa. Shimo la barabarani huripotiwa siku hiyohiyo, lakini la malishoni mwenye shamba hulifukia akaendelea na kazi zake. Kwa hiyo msongamano wa alama hueleza pia watu wanakoishi. Januari 2010, wakulima wa stroberi wa mji wa Plant City, Florida, walipovuta maji ya ardhini kwa siku 11 na kuyanyunyizia mimea ili kuikinga na baridi kali, maji yaliyosaidia kuushikilia udongo yalishuka, na yaliripotiwa mashimo yapatayo 140 katika eneo lenye nyumba na barabara nyingi. Nyikani, sidhani kama hata robo yake ingefika kwenye orodha.

Kumbukumbu za bima nazo zina upogo wake. Kati ya 2006 na 2010 kampuni za bima za Florida zilipokea madai ya mashimo zaidi ya 24,000, mengi yakihusu nyufa tu, na mwaka 2011 sheria ikabana maana ya uharibifu unaolipwa. Idadi ya madai hubadilika sheria inapobadilika, hata kama mwamba haujabadilika.

Binamu yangu anayetafuta nyumba Tampa nimemwelekeza kwa karani wa mahakama ya kaunti, kwa sababu kampuni ya bima ikishalipa dai la shimo hutakiwa kuwasilisha huko ripoti ya wataalamu waliochunguza eneo.