Lushoto hadi Mtae, Kisha Tambarare: Baiskeli Kwenye Milima ya Usambara

Wanaopanga kupita Usambara Magharibi kwa baiskeli huulizia mpando kwanza. Nadhani wanaogopa pasipostahili. Mpando unachosha, lakini ukichoka unashuka, unasukuma, unapumzika. Mahali pa kuheshimu ni mteremko wa baada ya Mtae, kijiji cha ukingoni mwa milima, na maandalizi yake hufanyika Lushoto, baiskeli ikiwa bado imeegemea ukuta.

Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Kufika Mtae kwa kupitia Magamba, Lukozi na Sunga ni kama kilomita 60. Mwenye mazoezi huzimaliza kwa siku moja, ila mimi natetea siku mbili, maana mikono iliyochoka haishiki breki vizuri. Giya la mbele liwe na meno 30 au 32, na sproketi kubwa ya nyuma meno 46 au zaidi. Nyakati nzuri ni Juni hadi Septemba, ijapokuwa kuna baridi na ukungu wa asubuhi, au Januari na Februari. Wakati wa masika, achana nayo. Udongo mwekundu ukilowa hujaa kati ya tairi na foku mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na ukilazimisha pedeli mnyororo huvuta kifaa cha kuhamishia giya hadi kishikizo chake kinakatika. Beba kishikizo cha akiba cha aina ileile ya baiskeli yako. Kila baiskeli na chake, na fundi wa njiani hawezi kukichonga.

Upepo wa tairi ndio watu wengi hukosea. Tairi ya upana wa inchi 2.3, mpanda baiskeli wa kilo 75: kama hakuna tyubu ndani, anza na psi (kipimo cha upepo) 22 mbele na 25 nyuma. Kama kuna tyubu, panda hadi 28 na 32. Ukipunguza zaidi ya hapo, jiwe likigonga tairi hubana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyo sambamba. Ukijaza mpaka tairi iwe ngumu kama gogo, nayo hurukaruka juu ya changarawe badala ya kuikamata. Pampu yenye kipimo ina thamani kuliko kidole gumba.

Ndani ya msitu wa Magamba, ambako kuna ada ya kuingia, vijia hupita chini ya mikulo na miti mingine mikubwa, na mizizi yake huwa na unyevu hata kiangazi. Mzizi uliolowa hauna mshiko kabisa. Punguza mwendo kabla hujaufikia, elekeza gurudumu la mbele liukate kwa pembe mraba, achia breki zote mbili, pita. Anayeanguka hapa mara nyingi amefunga breki akiwa juu ya mzizi, au ameupita kwa mshazari.

Vijia hivi ni vya wenyeji. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hawezi kuruka pembeni, basi wewe ndiye wa kusimama, utoe salamu, asubiriwe apite. Na usiburute gurudumu la nyuma kwenye kona. Mfereji mdogo unaouchimba leo huwa korongo mvua zikinyesha, na korongo hilo huishia kwenye shamba la mtu.

Sasa mteremko. Kutoka ukingo wa Mtae hadi tambarare ya Mkomazi ni zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, njia ikijikunja juu ya mawe yaliyolegea. Mtu na baiskeli wakiwa kilo 95 kwa pamoja, kushuka mita 1,000 huachilia nishati ya kilojuli 930 hivi, ya kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Kwa mwendo wa polepole, karibu joto lote hilo huenda kwenye breki. Ndiyo maana nasisitiza diski za breki za milimita 180 na pedi za chuma, zenye unene wa milimita 2 au zaidi siku ya kuondoka.

Shusha kiti sentimita 6 hadi 8. Simama juu ya pedeli zikiwa usawa, visigino chini, viwiko vimekunjwa, kidole kimoja tu kwa kila breki. Finya kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa. Kushikilia breki kidogokidogo mfululizo hakuzipi nafasi ya kupoa. Zisome pia. Ikiwa mkono wa breki ni mgumu lakini baiskeli haipungui na kuna harufu ya kuungua, pedi zimepikika. Ukilegea na kufika hadi kwenye usukani, mafuta ya breki yamechemka au hewa imeingia ndani yake. Kwa vyovyote, simama dakika kumi kivulini, na usimwagie diski maji: chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda. Kwa breki za mpira zinazobana rimu, rimu nazo hupata moto, hadi tyubu ikapasuka.

Chini kabisa joto hubadilika na adui anakuwa mwiba wa mgunga. Kila tairi isiyo na tyubu iwe na mililita 100 za dawa ya kuziba, iliyowekwa karibuni, kwani hukauka. Mwiba ukiuona umezama na upepo hautoki, usiung'oe hadi ufike unakolala. Mwenye tyubu abebe mbili, viraka na solusheni, na kabla ya kuingiza tyubu mpya apitishe kidole polepole ndani ya tairi nzima, kwani ncha ya mwiba uliobaki itatoboa na hiyo ya pili. Maji yawe lita 3 kwa mtu, yajazwe huku juu Mtae.