Siku moja maishani mwangu: der, die, das na miwani ya bibi

Saa 10:35 alfajiri. Simu inalia. Nje giza totoro na baridi ya Januari, na Leipzig, huku Ujerumani, mwezi huu haina huruma na mtu wa Tanga. Jikoni kila kitu kina karatasi: ya buluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das. Hizo ni artikeli za Kijerumani, vineno vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake: der ya kiume, die ya kike, das isiyo ya kiume wala ya kike. Ninayeishi naye alinicheka siku niliyobandika karatasi kwenye kopo la sukari. Lakini ndivyo ilivyo: sukari ni der Zucker, chumvi das Salz, siagi die Butter. Kwa nini? Niliuliza miezi sita nikachoka.

Saa 11:20. Niko kwenye tramu, die Straßenbahn. Hili sikulikariri. Straße ni barabara, Bahn ni reli, na neno la mwisho ndilo lenye amri: die Bahn, basi yote ni die. Kiswahili ukitaka kujua ngeli unatazama kichwa cha neno, ile *ki-* ya kipimajoto. Kijerumani tazama mkia. Likiishia -ung, -heit au -keit, ni die. Likiishia -chen, ni das, ndiyo maana msichana ni das Mädchen. Darasani tulicheka sana hapo, eti msichana hana jinsia! Baadaye nikakumbuka kwamba na sisi tukidogosha tunasema kitoto kimelala, wala hakuna anayeshtuka kwamba mtoto kaingia ngeli moja na kiti.

Tatizo ni maneno yasiyo na mkia wa kushika. Hayo ni ya kukariri tu.

Saa 12:00 asubuhi. Zamu inaanza. Nipo mwaka wa kwanza wa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi, miaka mitatu kwa jumla, na kwa sasa niko kwenye makao ya wazee. Wa usiku wanatukabidhi kwa kasi ya mnada: nani hakulala, nani ana homa, presha ya nani imepanda. Majina siandiki hapa. Kutunza siri kunaitwa die Schweigepflicht, na hiyo die sijawahi kuikosea.

Saa 1:30. Kifungua kinywa. Der Löffel, die Gabel, das Messer: kijiko, uma na kisu, vitu vitatu vya droo moja na kila kimoja na artikeli yake. Halafu babu mmoja anasema anataka kula *mit der Gabel*, kwa uma. Wiki za mwanzo hiyo *der* ilinivuruga, nikadhani nimekariri vibaya. Kumbe baada ya *mit*, die hugeuka kuwa der. Ni uma uleule, umebadilisha shati tu.

Saa 3:15. Sasa kisa chenyewe. Bibi wa chumba cha mwisho amekaa kitandani, anapapasa shuka. "*Wo ist sie denn? Eben war sie noch da!*" Yuko wapi, sasa hivi alikuwa hapa. *Sie* ni yeye, mwanamke. Binti yake huja kila Jumapili, na bibi kumbukumbu zake siku nyingine huyumba. Nikachuchumaa, nikamshika mkono, nikamwambia taratibu kama tulivyofundishwa: *sie kommt am Sonntag*, atakuja Jumapili.

"*Am Sonntag?!*"

Alinikazia macho kama mimi ndiye niliyepotewa na kumbukumbu. "*Meine Brille!*"

Miwani. Die Brille. Ilikuwa chini ya gazeti. Mwenzangu wa zamu alikuwa mlangoni na hakunisaidia, alishika fremu ya mlango akicheka.

Mpaka leo asubuhi nilikuwa naona artikeli kama mapambo ya mtihani. Ukisema der badala ya die watu wanakuelewa, maisha yanaendelea. Lakini bibi hakukosea hata herufi moja. Miwani ni die, kwa hiyo ikiondoka machoni inaitwa *sie*, sawa na binti yake. Angekuwa Mswahili angeuliza "iko wapi?", nami ningejua palepale kwamba anatafuta kitu, maana mtu ni "yuko". Huo ni upatanisho wa kisarufi, uleule wa darasa la tano, ila wenzetu mtu na miwani wanawapitisha mlango mmoja.

Na sisi tuna ugonjwa wetu. *Yeye* ya Kiswahili haichagui mume wala mke, kwa hiyo nikichoka naripoti kwamba bibi fulani *er hat gut geschlafen*, amelala vizuri, kwa *er* ambayo ni yeye wa kiume, na meza nzima inaanza kujiuliza ni babu yupi huyo.

Saa 8:15 mchana. Nimetoka. Wali wa jana, usingizi wa nusu saa.

Saa 10:30 alasiri. Darasa la lugha, jua limeshazama. (Neno shule tulilichukua kwa Wajerumani, Schule, ila ile die tukawaachia. Babu zetu walikuwa na akili.) Nikasimulia ya miwani. Mwalimu akaacha alichokuwa akiandika ubaoni, akatoa ufunguo, mkoba na simu akavipanga mezani. Mmoja anauliza tu "*Wo ist er?*" bila kutaja kitu, wengine wanaonyesha. *Er* ni der Schlüssel. *Sie*, die Tasche. *Es*, das Handy. Dakika kumi za mchezo huo zilinifaa kuliko karatasi zangu zote za jikoni.

Saa 2:00 usiku. Napiga Tanga, kule ni saa nne. Mdogo wangu anajiandaa na mtihani wa Kijerumani wa A2, ngazi ya pili. "Dada, nikariri maneno mangapi kwa siku?" Matano, nikamwambia, lakini usiandike *Brille* peke yake. Andika *die Brille*, kisha chini yake sentensi moja inayoanza na *sie*. Tukaanza mchezo wa mwalimu, mimi nauliza, yeye anazunguka sebuleni akigusa vitu.

"*Wo ist sie?*"

Sauti ya mama ikaingia kwa nyuma: "Mmepoteza nini usiku huu?"

"Mkoba, mama."

"Basi utafuteni mlale."